Bima Kubwa, Bima Ndogo na Barabara ya Lukole

Benaco si neno la Kihangaza wala la Kishubi. Ni jina la kampuni ya ujenzi iliyoweka kambi pale wakati wa kujenga barabara ya lami ya kwenda daraja la Rusumo. Kampuni ilimaliza kazi ikaondoka, jina likabaki. Mwaka 1994 jina hilo likasikika kwenye redio za dunia nzima, kwa sababu ndani ya saa 24 hivi, Aprili 28 na 29, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo na kulala kwenye vilima vya kando yake. Kwa hiyo sisi wa Ngara tuna mji mdogo wenye jina la mkandarasi, na historia yetu ya karibuni karibu yote imepita juu ya lami yake: malori ya mahindi ya msaada, mabasi ya Mwanza, matangi ya mafuta ya Kigali, Land Cruiser nyeupe zenye antena ndefu. Nataka kuandika habari za bima ya magari kwenye barabara hiyo. Najua mada haina mvuto. Nivumilie kidogo.

Kwanza maneno. Mtanzania akisema "bima kubwa" hazungumzii ukubwa wa kampuni. Bima kubwa ni ile inayokulipa hata gari lako mwenyewe likipinduka au kuibiwa. Bima ndogo ni ile ya lazima, inayomlipa uliyemgonga. Ndiyo maana mjomba wangu aliponitumia ujumbe wa sauti mwaka juzi akiuliza, "Mpwa, nikate kwa wakubwa au kwa wadogo?" nilidhani ananiuliza hilo, nikaanza kumfafanulia. Kumbe hilo lilikuwa limeshaamuliwa. Benki iliyokuwa tayari kumkopesha fedha za kununua Noah ilitaka gari liwe na bima kubwa, basi. Swali lake lilikuwa kampuni. Akate kwa ile kubwa yenye ofisi Mwanza, ghorofani, yenye kiyoyozi, au kwa ile ndogo ambayo wakala wake ana duka la vifaa vya shule pale Ngara mjini, bima na fotokopi meza moja? Na alikuwa na jambo ambalo hakulitaja mpaka mwisho kabisa wa ujumbe: katika miaka mitano alikuwa amepata ajali tatu. Moja ya mtaro, moja ya ng'ombe, moja ya kumvaa mwenye lori kwa nyuma.

"Wewe umesoma," akamalizia.

Nimesoma historia. Nikamwambia anipe wiki moja, nikaenda kutafuta nilichojua kutafuta, yaani mambo haya yalianzia wapi.

Yalianza na watembea kwa miguu. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lililazimisha bima ya magari mwaka 1927, Uingereza ikafuata kwa sheria yake ya barabara ya 1930, na Tanganyika ikapata ya kwake mwaka 1945. Ile ya Tanganyika bado ipo kwenye vitabu vyetu, Sura ya 169. Hebu fikiria nani alikuwa na gari Tanganyika mwaka 1945: serikali, wamisionari, walowezi, wafanyabiashara wachache. Wengine wote walikuwa wa kugongwa. Sheria haikujali sana gari la mwenye gari. Ilichosema ni kwamba huruhusiwi kuingia barabarani mpaka awepo mtu nyuma yako mwenye uwezo wa kumlipa yule utakayemuumiza. Bima ndogo, ambayo leo tunaichukulia kama ushuru wa kumridhisha trafiki, ndiyo iliyokuwa kiini cha jambo lote.

Lakini ukishalazimisha kila dereva awe na bima, unazaa swali la pili. Na yule ambaye hakuna kampuni inayomtaka?

Wamarekani walilijibu kwa biashara. Mwaka 1922 mkulima mstaafu wa Illinois, George Mecherle, alianzisha State Farm kwa hoja ya kijijini kabisa: wakulima huendesha kidogo, hawagongani kama watu wa mjini, kwa nini walipe bei ya watu wa mjini? Kampuni ile ndogo ya wakulima wanaojuana ikakua mpaka ikawa jitu. Huko Ohio, kampuni ya Progressive, iliyoanzishwa 1937, ilikwenda kinyume. Mwaka 1956 ilifungua tawi la kuwakatia bima madereva waliokataliwa na wengine. Iligundua kwamba dereva mbovu naye ni mteja, mradi umpe bei yake. Kwa hiyo huko, mwenye rekodi mbaya ana kazi ya kuzunguka. Mkubwa huyu atamkataa, mkubwa yule atamtoza mara mbili, na pengine kakampuni ka mkoani katamsikiliza. Rekodi yake ya leseni inamfuata popote.

Sisi tulipita njia nyingine. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilianzishwa Oktoba 1963. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, biashara yote ya bima Tanzania Bara ikawekwa mikononi mwake (Zanzibar ilipata shirika lake mwaka 1969). Kwa karibu miaka 30 swali la mjomba lisingeeleweka. Ukate kwa nani zaidi? Shirika lisilo na mshindani haliwezi kumwambia dereva mbovu aende kwingine, kwa kuwa hakuna kwingine. Dereva naye hawezi kulitishia kuhama. Nimewasikia wazee wakiisifu hali ile na wengine wakiilaani, na nadhani wote wanasema kweli. Kinachonivutia mimi ni kumbukumbu. Ukipindua lori Lusahunga mwaka 1978, faili lako liko kabati lilelile litakalofunguliwa ukigonga mtu Nzega mwaka 1985. Nchi nzima ilikuwa na mtu mmoja wa kukumbuka ajali zake. Na magari yenyewe hayakuwa mengi. Zilikuwa zama za uhaba wa mafuta, ambapo gari binafsi lilikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana.

Kabati hilo lilivunjwa na Sheria ya Bima ya 1996. Ndiyo iliyorudisha makampuni binafsi, na yale ya kwanza yakaanza kufungua milango miaka miwili hivi baadaye. Sidhani kama kuna mtu Ngara aliyeiona sheria hiyo ikipita. Mwaka ule tulikuwa na mengine. Mei 21 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu wetu wa Kagera, na wengi walionusurika na huzuni ile waliapa kutopanda tena meli. Wakahamia kwenye mabasi, kwenye barabara hii ninayoizungumzia. Desemba serikali ikawaambia wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na karibu nusu milioni wakatembea juu ya lami kuelekea Rusumo na vitanda vichwani. Bima ingeingiaje katika mazungumzo?

Waliobaki walikuwa Warundi, na kambi yao kubwa ilikuwa Lukole. Lukole A na Lukole B, watu wapatao 100,000 ilipojaa, mji mkubwa kuliko mji wowote wa wilaya yetu. Kulikuwa na soko, vinyozi, vibanda vya video, makanisa, na timu za mpira ambazo za kwetu zilifungwa nazo bila aibu. Wenyeji tuliuza ndizi na maharage kule, tukanunua mafuta ya kula na unga wa msaada. Ilidumu mpaka 2007 ilipofungwa.

Kambi ilileta magari kuliko Ngara ilivyowahi kuona, na kila gari lilikuwa na aina yake ya mtu wa kusimama nyuma yake. Magari ya Umoja wa Mataifa, kwa mfano, yana habari ya kushangaza. Katika kikao chake cha kwanza kabisa, Februari 13, 1946, miezi michache tu baada ya vita kuu, Baraza Kuu lilipitisha azimio kwamba madereva wa magari ya umoja huo lazima wawe na bima ya watu wa tatu, kwa sababu ajali za barabarani zilishaonekana kuwa chanzo cha matatizo kwa shirika lenye kinga ya kushtakiwa. Dunia ilikuwa bado inazika wafu wake, na wale mabwana walikaa wakafikiria mtu wa kugongwa. Nililisoma hilo nikawaheshimu kidogo.

Kisha yalikuwepo magari ya wenyeji: pikapu za maharage, Hiace za abiria, malori ya kukodi. Mjomba alijifunza udereva humo. Majambazi walikuwa wengi kwenye misitu ya kuelekea Biharamulo, kwa hiyo magari yalisindikizwa na polisi wenye silaha, kwa misafara. Msafara una somo moja tu kwa dereva mchanga: usibaki nyuma. Ukibaki uko peke yako. Watu wa bima wanaposema dereva fulani ana tabia ya mwendo kasi, mimi huwaza kwamba kizazi kizima cha madereva wa Ngara kilifundishwa mwendo na hofu. Simtetei. Nasema ndivyo alivyojifunza.

Na kando ya barabara walikuwepo wakimbizi wenyewe, na baiskeli zao. Kwa amri ya serikali hawakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Kuni za karibu ziliisha mapema, kwa hiyo wengi walivuka mpaka huo usioonekana alfajiri na kurudi kabla watu hawajawa wengi, wamebeba mizigo mipana kuliko barabara.

Mwaka 2002 mjomba, akiendesha pikapu ya tajiri wake kwenda soko la Lukole, alimgonga mmoja wao. Mguu ulivunjika. Pikapu ilikuwa na bima ndogo, stika iko kwenye kioo, halali kabisa. Kwa sheria ile ya 1945, huyo ndiye mtu hasa aliyekuwa akilini mwa watunga sheria. Njia ilikuwepo: kwenda polisi, kupata PF3, kutibiwa, ripoti ya ajali, kudai, na ikibidi kushtaki, mahakama ikishampa ushindi dhidi ya dereva au mwenye gari, kampuni inalipa. Lakini yule kijana alikuwa nje ya kilomita zake 4. Kituo cha polisi kilikuwa mahali pa mwisho alipotaka kufika. Mjomba naye hakukitaka. Wakamalizana pale pale barabarani: mjomba alimpeleka zahanati ya kambini, akampa fedha alizokuwa nazo mfukoni, na baadaye akampelekea sukari na sabuni mara mbili. "Tulielewana," husema mjomba. Nilipokuwa mdogo niliamini hivyo. Sasa sioni ni vipi watu wawili wanaomwogopa askari mmoja wanaweza kuitwa wameelewana. Kijana alirudi Burundi na wenzake, na ajali ile haimo kwenye faili lolote la kampuni yoyote.

Narudi kwenye swali. Nikampigia mjomba nikamwambia jambo la kwanza: hakuna kampuni ya Ngara. Kubwa na ndogo zote makao yake makuu yako Dar es Salaam, zote zina leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na bei za chini za bima zimewekwa na mamlaka hiyo. Bima ndogo ya gari dogo binafsi ni shilingi 118,000 uwe malaika au uwe umegonga nusu ya ng'ombe wa Kasulo. Bima kubwa huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na gari la abiria lina hesabu yake ya viti. Hapo ndipo kampuni ina nafasi ya kukuongezea au kukukatalia. Kilicho cha kwenu hapo Ngara ni wakala tu.

Jambo la pili lilimfurahisha kupita kiasi. Ajali zake zote tatu zilikuwa kwenye magari ya matajiri. Bima za kwetu zinashika gari, hazishiki mtu. Hata faini za trafiki, zile za shilingi 30,000, watu huzitafuta kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na ukinunua gari kwa mtu unaweza kununua na madeni yake. Kwa macho ya Mwanza, basi, mjomba alikuwa mteja mpya asiye na doa. Yule mama wa ofisi ya ghorofani alimuuliza kwa simu thamani ya gari, mwaka wa kutengenezwa na matumizi, akamtumia fomu. Ndani ya fomu, swali moja: umepata ajali zozote katika miaka 5 iliyopita? Angeandika "Hakuna", na hakuna mtu Mwanza ambaye angejua.

Mpaka siku ya kudai. Nilimweleza habari ya Lord Mansfield, jaji wa Uingereza, aliyesema mwaka 1766 katika kesi ya ngome moja ya Sumatra kwamba mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa anayekatiwa, kwa kuwa yeye ndiye anayejua anachoficha. Mjomba alicheka. "Huyo naye alikuwa na Noah?" Lakini alielewa. Kampuni inayokupokea bila kukujua hukuchunguza siku ya hasara, na siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kugundulika.

Wakala wa fotokopi alikuwa tofauti. Ni kijana wa juzi tu, mjomba angeweza kumzaa, lakini alikuwa anamjua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka bima kubwa ya Noah."

"Sawa mzee. Ila karatasi za polisi za yule ng'ombe nilitoa kopi mimi."

Mjomba aliudhika siku mbili. Kujulikana kuna gharama: wakala alisema kampuni yake itampokea, kwa bei ya juu kidogo, na kwa sharti kwamba kila ajali sehemu ya kwanza ya hasara aibebe mwenyewe. Ilikuwa sehemu nono.

Niliona haki katika hilo, lakini kuna kitu kilinitisha kuhusu makampuni madogo yanayopokea kila mtu, na kilitoka Kenya. Huko matatu ziliwahi kuwa kama dereva asiyetakiwa. Makampuni mengi yalizikwepa, machache yakazikumbatia kwa bei ya kuvutia, kisha madai yakaja. United Insurance, iliyokuwa imebeba matatu nyingi, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005. Blue Shield ikafuata 2011. Waliobaki na hukumu za mahakama mkononi zisizo na mlipaji walikuwa abiria na watembea kwa miguu. Dereva alikata bima rahisi, akaendesha kihalali, na aliyegongwa akarithi karatasi. Wala ukubwa peke yake si dawa. NIC yetu yenyewe, iliyokuwa imebeba nchi nzima, iliyumba baada ya ushindani kuanza, ikawekwa kwenye orodha ya kubinafsishwa, kabla serikali haijaamua kubaki nayo na kuisimamisha upya.

Kwa hiyo nilimwambia mjomba asiniulize mimi, aende gereji. Mafundi wa bodi wanajua kuliko TIRA kampuni ipi ililipa matengenezo na ipi inamzungusha mtu miezi. Aulize pia kwa waliogongwa, kama anawafahamu. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema ataenda gereji.

Alikwenda Benaco na Ngara mjini, gereji nne. Ile kampuni ndogo ilisifiwa na wawili, mmoja hakuijua, mmoja aliitukana kwa ajili ya Fuso moja ya zamani. Ile kubwa ilisifiwa kwa kulipa na kulaumiwa kwa kuchelewa. Hakukuwa na ushindi. Mwishowe alichagua wakala wa fotokopi, na sababu aliyonipa haikuwamo kwenye utafiti wangu: "Yule kijana nikigonga tena atanisikia kabla sijafika nyumbani. Nitaendesha polepole."

Desemba nilikuwa likizo nyumbani, nikaandamana naye dukani. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, ukiingiza namba ya gari kwenye mfumo unaona bima yake ni hai au imekufa, dawa ya zile stika feki zilizokuwa zimeenea. Lakini fomu ya maombi ilikuwa bado ya karatasi. Mjomba hakuwa na miwani yake, nikaandika mimi. Tulipofika kwenye ajali, alizitaja tatu, moja moja, na miezi yake. Mtaro. Ng'ombe. Lori.

"Hiyo tu, mzee?" wakala aliuliza.

"Kuna ile ya Lukole."

"Ipi?"

"Ya baiskeli. Zamani. 2002."

"Walifungua madai?"

"Hapana."

"Basi hiyo haihusiki, mzee wangu. Hapa wanataka miaka 5 tu."

Mjomba aliniangalia mimi, si yeye. "Iandike," akasema.

Fomu ilikuwa na mistari mitatu na yote ilikuwa imejaa. Nikaandika chini yake, pembeni kidogo: 2002, Lukole, mwendesha baiskeli, mguu. Wakala aliisoma. Hakuifuta. Akaichukua karatasi akaenda kuitoa kopi.